Mwendo, Kizuizi na Mpaka: Udhibiti wa Madereva wa Kigeni katika Barabara za Busia na Malaba

Historia ya udhibiti wa mwendo wa magari katika miji ya Busia na Malaba, ambako barabara mbili kuu zitokazo Mombasa na Nairobi huvuka kuingia Uganda, haiwezi kuandikwa kama historia ya kasi peke yake, kwa kuwa kwa sehemu kubwa ya karne ya ishirini dola ilishughulika zaidi na kulisimamisha gari kuliko kuupima mwendo wake. Gari lilisimamishwa ili mzigo ukaguliwe, uzito upimwe na stakabadhi zisomwe, na dereva mgeni alitazamwa kwanza kama mtu ambaye baada ya muda mfupi angekuwa ng'ambo ya pili, nje ya mamlaka ya hakimu wa Kenya. Mtazamo huo ndio uliounda mbinu za askari wa trafiki katika eneo hili, na bado unaonekana wazi katika namna makosa ya mwendo yanavyoshughulikiwa leo.

Mpaka wenyewe si wa kale. Hadi tarehe 1 Aprili 1902, eneo lote hili lilikuwa sehemu ya Jimbo la Mashariki la Uganda, ambalo lilifika hadi karibu na Naivasha; siku hiyo jimbo hilo lilihamishiwa katika Himaya ya Afrika Mashariki, nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya, na Wateso, Wasamia na majirani zao wakajikuta wamegawanywa na mstari ambao hawakuulizwa habari zake. Kwa miongo kadhaa mstari huo haukuwa na uzito mkubwa kwa mwenye gari. Reli iliyotoka Nakuru kupitia Eldoret ilivuka Malaba kuelekea Tororo mwishoni mwa miaka ya 1920 na kufika Kampala mwaka 1931, na ndiyo iliyobeba pamba, kahawa na bidhaa za madukani. Serikali ya kikoloni, iliyokuwa imewekeza fedha nyingi katika reli, iliilinda kwa sheria za leseni za uchukuzi zilizozuia malori kushindana nayo katika safari ndefu. Barabara za magharibi zilikuwa za udongo na murami, na katika miezi ya mvua dereva alihangaika zaidi kutokwama kuliko kwenda mbio.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, ambayo hadi leo ndiyo msingi wa mashtaka ya barabarani nchini Kenya, ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1954. Wakati huo gari la Uganda lililofika Busia lilikuwa geni kwa kiasi kidogo tu. Nchi za Afrika Mashariki zilitumia sarafu moja, reli na bandari ziliendeshwa na shirika moja, na hata alama za utambulisho wa kimataifa zilizobandikwa nyuma ya magari zilionyesha udugu huo: EAK kwa Kenya, EAU kwa Uganda, EAT kwa Tanganyika na EAZ kwa Zanzibar, herufi mbili za kwanza zikiwa zilezile kwa wote. Askari aliyeona herufi U mwanzoni mwa nambari ya usajili alijua gari limesajiliwa Uganda, lakini hapakuwa na sababu kubwa ya kulishughulikia tofauti na gari lililotoka Kisumu au Kakamega.

Ugeni wa kweli uliletwa na siasa za miaka ya 1970. Mwezi Februari 1976 Idi Amin alidai hadharani kuwa sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ilikuwa ya Uganda, dai lililoegemea ile historia ya 1902. Mwaka uliofuata Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoundwa kwa mkataba wa 1967, ikavunjika. Uchumi wa Uganda ulikuwa umeporomoka, na katika miaka hiyo hiyo bei ya kahawa duniani ilipanda sana, hivyo magendo yakastawi kote mpakani, kuanzia Chepkube upande wa Bungoma hadi kwenye vichochoro vya Busia, ambako abiria na mizigo vilivushwa kwa baiskeli. Desemba 1987 majeshi ya nchi hizi mbili yalifyatuliana risasi Busia na mpaka ukafungwa. Kila tukio la namna hii liliacha nyuma yake vizuizi vya barabarani, yaani zile mbao za chuma zenye misumari zinazowekwa kwa kupishanishwa ili gari lipite polepole likizungukazunguka. Vizuizi hivyo viliwekwa kwa ajili ya usalama na magendo, lakini hali ilipotulia havikuondoka vyote, bali vilirithiwa na trafiki. Hili ni jambo la kuzingatiwa sana, kwa sababu askari aliyeizoea kazi ya kizuizi hana haja ya kujua gari lilikuwa likienda kwa mwendo gani kilomita tano nyuma: kwake kila gari lina mwendo uleule, nao ni ule wa kusimama.

Wakati huohuo biashara ilikuwa ikihama kutoka relini kwenda barabarani, na nchi zisizo na bandari zilihitaji uhakika kwamba malori yao yatapita Kenya bila kusumbuliwa. Mkataba wa Usafirishaji wa Ukanda wa Kaskazini, ambao ni makubaliano kuhusu mizigo ipitayo Mombasa kwenda bara, ulitiwa saini Bujumbura mwezi Februari 1985 na Burundi, Kenya, Rwanda na Uganda, kisha Zaire ikajiunga. Baadaye kidogo ikaja Kadi ya Njano, ambayo ni hati ya bima inayomwezesha dereva kulipiwa madhara atakayomsababishia mtu mwingine katika nchi asiyotoka, bila kununua bima mpya kila mpaka. Mwaka 1994 bomba la mafuta lilifikishwa Eldoret na Kisumu, na tangu hapo malori ya mafuta kutoka Uganda, Rwanda na mashariki ya Kongo yakawa yanapakia katika miji hiyo miwili na kurudi kupitia Malaba na Busia. Safari ya dereva mgeni ilifupishwa, lakini msongamano wa malori mazito katika kipande kifupi cha mwisho cha barabara ukaongezeka.

Katika kipande hicho ndipo suala la kasi lilipopata sura yake. Tangazo la Kisheria Nambari 161 la mwaka 2003, lililotolewa chini ya Waziri wa Uchukuzi John Michuki na kuanza kutekelezwa Februari 2004, liliyalazimu magari ya abiria na malori yenye uzito mtupu unaozidi kilo 3,048 kufungwa kidhibiti mwendo, kifaa kinachozuia injini kulipeleka gari zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Sheria hii iliandikwa kwa kuyafikiria matatu na malori ya Kenya. Lori la kigeni lilikuja na masharti ya kwao: nchini Rwanda, kwa mfano, vidhibiti vilivyokuja kuamriwa katika muongo uliofuata viliwekwa kilomita 60 kwa saa, na dereva wa gari dogo aliyevuka kutoka Uganda alitakiwa kushuka hadi kilomita 50 kila alipoingia mji mdogo kama Bumala au Ugunja. Zaidi ya hayo, Rwanda, Burundi na Kongo huendesha upande wa kulia, na malori mengi ya huko yana usukani upande wa kushoto. Dereva wa lori kama hilo, akitaka kulipita lingine katika barabara ya njia mbili, hukaa upande wa ukingo wa barabara na haoni kinachokuja mpaka atoe karibu nusu ya kichwa cha gari katika njia ya wenzake. Tofauti hii inastahili kupewa uzito kuliko inavyopewa katika mijadala mingi, kwa sababu hatari yake haipimwi kwa kamera: lori linaweza kuwa ndani ya kikomo cha kisheria na bado likawa linafanya jambo la kufisha.

Foleni za Malaba zinaongeza ugumu huo. Mwaka 2020, madereva walipotakiwa kupimwa korona kabla ya kuvuka, malori yalijipanga kwa makumi ya kilomita kuelekea Bungoma, na hali hiyo ikarudi Januari 2022. Anayepita hapo wakati wa foleni huwaona madereva wamelala juu ya maboksi chini ya trela, jiko la mkaa likiwaka kati ya magurudumu, wachuuzi wakipitisha ndizi na maji ya chupa dirishani, huku magari madogo na matatu yakikimbia katika njia moja iliyobaki, yakikutana uso kwa uso na malori yanayotoka Uganda yakiwa matupu. Dereva aliyepoteza siku mbili au tatu hapo huzifidia kwa mwendo mara barabara inapofunguka. Mikasa miwili ilionyesha gharama ya barabara hizi. Tarehe 31 Desemba 2017, basi lililokuwa likitoka Busia kwenda Nairobi liligongana na lori Migaa, karibu na Salgaa, wakafa watu 36, na Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, NTSA, ikasimamisha safari za usiku za magari ya abiria ya masafa marefu. Julai 2021 lori la mafuta lilianguka Malanga, kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia, likalipuka wakati wanakijiji wakichota petroli, na watu wasiopungua 13 wakaangamia.

Sheria imemfikia dereva mgeni kwa njia moja tu ya uhakika, nayo ni dhamana ya pesa taslimu. Anayekamatwa kwa kuvuka kikomo huweka fedha polisi au mahakamani na kupewa tarehe ya kufika mbele ya hakimu; asipofika, dhamana hiyo hutwaliwa na kwa vitendo kesi huwa imekwisha. Kwa mwenyeji hii ni hatua ya mwanzo tu, lakini kwa dereva anayesubiriwa na mwenye mzigo Kampala au Kigali ndiyo hukumu yenyewe, inayotolewa kando ya barabara kabla ya ushahidi kusikilizwa. Ni rahisi kuona jinsi mazingira hayo yanavyozalisha hongo, na malalamiko ya wasafirishaji wa kigeni kuhusu vizuizi vya Kenya yamekuwa mengi kiasi kwamba Mkataba wa Jamii ya Bandari ya Mombasa na Ukanda wa Kaskazini, uliotiwa saini Juni 2014, uliweka kupunguza vizuizi miongoni mwa ahadi zake.

Kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka 2016 zilikusudiwa kuuvunja mtindo huo kwa kuweka faini zinazojulikana: shilingi 500 kwa aliyezidisha kilomita 6 hadi 10 kwa saa, 3,000 kwa kilomita 11 hadi 15, na 10,000 kwa kilomita 16 hadi 20. Mpango wa namna hii hutegemea daftari la usajili linaloonyesha mwenye gari na anwani yake. Nambari ya Kenya inayo daftari hilo mikononi mwa NTSA, lakini nambari ya Uganda au ya Kongo iliyopigwa picha na kamera humwacha askari bila mtu wa kumpelekea ilani, hivyo gari la kigeni hulazimika kusimamishwa kama zamani. Majimbo mengi ya Marekani yalikabili tatizo hilihili kwa maafikiano ya 1960 na 1977 yanayowezesha kosa la dereva wa jimbo jingine kufuatwa hadi katika jimbo lake, na Umoja wa Ulaya uliweka mwaka 2015 maelekezo ya kubadilishana taarifa za wenye magari.

Katika Afrika Mashariki ushirikiano umefuata mzigo kabla ya kumfuata dereva. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyofufuliwa baada ya kuvunjika, ya kudhibiti uzito wa magari imeweka kikomo kimoja cha tani 56 kwa lori lenye ekseli saba, na kituo cha mpakani cha Busia, kilichozinduliwa rasmi Februari 2018 na Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni, kimewaweka maofisa wa nchi mbili chini ya paa moja ili gari likaguliwe mara moja tu. Ibara ya 90 ya Mkataba wa Jumuiya, unaotumika tangu Julai 2000, inazitaka nchi wanachama zioanishe sheria zao za barabarani pia. Sehemu hiyo ndiyo iliyochelewa. Maofisa wa forodha wa Kenya na Uganda husoma leo tamko moja la mzigo wa lori, ilhali askari wa trafiki aliyeko Bumala hana rejista ya kumwambia kama dereva aliyemsimamisha aliwahi kutiwa hatiani Tororo mwezi uliopita.