Saikolojia ya Jamii

Saikolojia ya jamii ni tawi la saikolojia linalochunguza kwa njia ya kisayansi jinsi fikra, hisia na matendo ya mtu yanavyoathiriwa na watu wengine. Watu hao si lazima wawepo. Gordon Allport wa Chuo Kikuu cha Harvard, ambaye maelezo yake ya mwaka 1954 bado hufundishwa vyuoni, aliwahesabu hata watu wa kuwaziwa tu. Msichana anayebadili nguo mara tatu kwa kuwaza shangazi zake watasemaje harusini yuko peke yake chumbani, lakini anachokifanya kinahusu taaluma hii moja kwa moja.

Jirani yake wa karibu ni sosholojia. Mwanasosholojia atauliza kwa nini talaka zimeongezeka mkoani. Mwanasaikolojia wa jamii atauliza kwa nini maneno yaleyale, mume ameyatoa kama utani, mke ameyapokea kama tusi. Upande wa pili iko saikolojia ya haiba, inayotafuta tofauti za kudumu baina ya mtu na mtu. Saikolojia ya jamii yenyewe huanza na dai ambalo wengi hawalipendi: kwamba hali anayojikuta nayo mtu, hasa nani yuko karibu naye na anafanya nini, mara nyingi hueleza mwenendo wake kuliko tabia yake inavyoeleza. Dai hilo limejaribiwa kwa zaidi ya miaka mia moja. Limesimama katika mengi na kuyumba katika mengine. Na majaribio yake bora yameonyesha pia jambo ambalo vitabu vya kiada hulipita haraka, yaani kwamba mtu mmoja tu anayekataa kwenda na wenzake huweza kuibadili hali nzima.

Chimbuko

Mwaka 1898 Norman Triplett wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, alichapisha utafiti uliotokana na kumbukumbu za mashindano ya baiskeli. Alikuwa ameona kwamba waendeshaji hukimbia kasi zaidi wakiwa na wenzao kuliko wakishindana na saa. Akawapa watoto vifaa vya kukunjia uzi wa kuvulia samaki, wakavizungusha mmoja mmoja, kisha wawili wawili. Wengi wakaongeza kasi; baadhi wakavurugikiwa. Huko Ufaransa, mhandisi wa kilimo Max Ringelmann alikwisha kupima nguvu za wavuta kamba tangu miaka ya 1880, ingawa matokeo yalichapishwa mwaka 1913. Yalisema kinyume: watu wanane wakivuta pamoja, kila mmoja hutoa takriban nusu tu ya nguvu anazotoa akiwa peke yake. Ilichukua miongo mingi kuyapatanisha matokeo hayo mawili. Kuwepo kwa wengine huchochea juhudi pale kazi ya kila mmoja inapoonekana, na huilegeza pale inapofichika ndani ya jumla. Msimamizi wa kazi za msaragambo anayempimia kila mtu kipande chake cha mtaro anaijua tofauti hiyo vizuri.

Mwaka 1908 vilitoka vitabu viwili vyenye jina la taaluma hii, kimoja cha William McDougall wa Uingereza, kingine cha Edward Ross wa Marekani. Vyote viwili ni vya kubuni nadharia zaidi ya kupima. Kitabu cha Floyd Allport, kaka yake Gordon, cha mwaka 1924, ndicho kilichoielekeza fani kwenye majaribio.

Aliyeipa sura yake ya sasa ni Kurt Lewin, Myahudi aliyezaliwa mwaka 1890 huko Mogilno, mji ulio Poland leo. Alihama Ujerumani mwaka 1933 Wanazi waliposhika madaraka. Mama yake aliuawa katika maangamizi ya Wayahudi. Lewin alishikilia kwamba mwenendo hutokana na mtu pamoja na mazingira yake, na kwamba viwili hivyo havisomeki kimoja bila kingine. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Marekani ilitaka familia zile moyo na figo za ng'ombe, vitu ambavyo wengi waliviona karaha. Lewin aliwapa baadhi ya akina mama mhadhara mzuri kuhusu lishe na uzalendo. Wengine aliwaketisha wajadiliane wenyewe, na mwishoni waliokusudia kupika wakanyosha mikono mbele ya wenzao. Walipofuatiliwa baadaye, waliokuwa wamepika nyama hizo baada ya mhadhara walikuwa 3%. Baada ya majadiliano, 32%. Mhudumu wa afya anayeitisha kikao cha kijiji badala ya kubandika tangazo ukutani anafuata nyayo hizo, ajue asijue.

Kufuata mkumbo, na utii

Si bahati kwamba wengi wa waanzilishi walikuwa Wayahudi wa Ulaya, au watoto wao. Swali lililowakosesha usingizi lilikuwa jinsi watu wa kawaida, wenye familia na kazi zao, walivyoshiriki uovu mkubwa namna ile.

Solomon Asch, mzaliwa wa Warsaw, alianza na jambo dogo kabisa. Katika majaribio aliyoyachapisha kuanzia mwaka 1951, kijana aliketi mezani na wenzake kadhaa, wakaonyeshwa mstari mmoja na kuulizwa ni upi kati ya mistari mitatu unaolingana nao kwa urefu. Jibu lilikuwa wazi kwa yeyote mwenye macho. Lakini wale wenzake wote walikuwa wameandaliwa na mtafiti, na katika raundi 12 kati ya 18 walitoa kwa sauti jibu moja la uongo. Takriban theluthi moja ya majibu ya washiriki katika raundi hizo yalifuata mkumbo. Robo tatu ya washiriki walikubaliana na uongo walau mara moja.

Takwimu hizo zimerudiwa mno kama ushahidi kwamba binadamu ni kondoo. Asch hakuzisoma hivyo, na ni haki kumsikiliza. Theluthi mbili ya majibu yalikuwa sahihi, na mshiriki mmoja kati ya wanne hakuyumba hata mara moja. Muhimu zaidi ni kilichotokea alipomweka mezani mtu mmoja mwingine wa kusema kweli: makosa yalishuka hadi robo ya yalivyokuwa. Nguvu ya kundi ilikuwa katika kauli moja zaidi ya wingi wa watu.

Stanley Milgram, aliyepata kuwa msaidizi wa Asch, alilipeleka swali kwenye mamlaka. Kuanzia mwaka 1961, Chuo Kikuu cha Yale, wanaume wa kawaida waliambiwa wampige shoti ya umeme mtu aliye chumba cha pili kila alipokosea jibu, na kuiongeza hatua kwa hatua hadi volti 450. Umeme haukuwepo, na aliyepiga kelele alikuwa akiigiza, lakini wao hawakuambiwa. Katika kundi lililoripotiwa mwaka 1963, watu 26 kati ya 40 walifika mwisho, wengi wakitoka jasho, wakitetemeka na kumsihi msimamizi asitishe.

Milgram alilirudia jaribio kwa sura nyingi, na sura hizo zinafundisha kuliko ile iliyopata umaarufu. Msimamizi alipotoa amri kwa simu, utii ulishuka sana. Mshiriki alipoketi na wenzake wawili walioandaliwa kugoma, waliofika mwisho walikuwa wanne tu kati ya 40. Waliopitia kumbukumbu za Yale miaka ya karibuni wamekosoa mengi: msimamizi hakushika maneno aliyopangiwa, na baadhi ya washiriki walishuku kwamba ni maigizo. Ukosoaji huo ni wa haki. Lakini tofauti kati ya sura moja na nyingine haielezeki kwa shaka hizo peke yake.

Kumsoma mwenzako, kujisoma mwenyewe

Fritz Heider, mzaliwa wa Vienna, alieleza mwaka 1958 kwamba kila mtu ni mtafiti wa sababu: akiona tendo, hutafuta chanzo chake ndani ya mtendaji au nje yake. Tatizo ni kwamba tunaegemea mno upande wa ndani. Mwaka 1967 Edward Jones na Victor Harris waliwapa wanafunzi wa Marekani insha za kumtetea au kumpinga Fidel Castro. Hata walipoelezwa kuwa mwandishi alipangiwa upande wa kuandikia, wasomaji waliendelea kuamini kuwa ameandika kilicho moyoni mwake. Lee Ross aliita tabia hiyo kosa la msingi katika kuwaza sababu. Huenda si la msingi kwa kila mtu: mwaka 1984 Joan Miller alionyesha kuwa watu wazima wa Kihindu nchini India, wakieleza matendo ya wengine, hutaja mazingira na uhusiano kuliko Wamarekani wafanyavyo.

Leon Festinger aligeukia namna tunavyojisoma. Nadharia yake ya mgongano wa fikra, ya mwaka 1957, inasema kwamba mtu akitenda kinyume cha anachoamini huumia, na mara nyingi hutibu maumivu hayo kwa kubadili imani. Katika jaribio lake, wanafunzi waliolipwa dola 1 wamwongopee mwenzao kuwa kazi ya kuchosha ilikuwa tamu, baadaye waliiona tamu kweli kuliko waliolipwa dola 20. Wa dola 20 walikuwa na sababu ya kuongopa. Wa dola 1 walilazimika kujitafutia.

Sisi na wao

Henri Tajfel, Myahudi wa Poland, alitekwa vitani akiwa katika jeshi la Ufaransa, akanusurika, na aliporudi alikuta karibu jamaa zake wote wameuawa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, huko Bristol, aliwagawa wavulana wa shule kwa visingizio visivyo na maana, kama vile nani amependa picha za mchoraji Klee na nani za mchoraji Kandinsky. Kila mmoja, bila kujua wenzake ni akina nani, aligawa pesa. Waliwapendelea wa kundi lao. Mara nyingi walikuwa radhi kundi lao lipate kidogo, mradi lizidi lile jingine.

Je, kupenda wa kwako ni sawa na kumchukia wa nje? Jibu bora la mapema lilitoka Afrika Mashariki. Mwaka 1965, chini ya mradi wa Donald Campbell, watu wa makabila 30 ya Kenya, Uganda na Tanzania walihojiwa kuhusu makabila yao na ya jirani. Marilynn Brewer na Campbell walichapisha matokeo mwaka 1976. Karibu kila kabila lilijiona kuwa la kuaminika zaidi. Lakini upendo huo haukutabiri uadui kwa wengine. Makabila yaliyokaribiana na kufanana yalivutiana. Brewer aliutumia ushahidi huo miaka iliyofuata kutenganisha mambo mawili ambayo wanasiasa hupenda kuyafunga pamoja.

Dosari na marekebisho

Nguvu ya taaluma ni jaribio: kuwagawa watu kwa kura, kubadili jambo moja, na kulinganisha. Nguvu hiyo imetumiwa vibaya pia. Jaribio la gereza la Stanford la mwaka 1971, ambamo vijana waliigiza walinzi na wafungwa, lililopangwa kudumu wiki mbili na kusitishwa siku ya sita, lilisifiwa kwa miongo kama uthibitisho kwamba cheo humfanya mtu katili. Kumbukumbu zake zimeonyesha kuwa walinzi walielekezwa na waandaaji. Mwaka 2011 Diederik Stapel wa Uholanzi alibainika kuwa alitunga data kwa miaka mingi. Mwaka 2015 watafiti walioshirikiana kurudia tafiti 100 za saikolojia walipata matokeo thabiti katika 36% tu, na kwa saikolojia ya jamii takriban robo. Tangu hapo watafiti wengi husajili mpango wao kabla ya kuanza na kuweka data wazi.

Dosari ya pili ni ya watu wanaopimwa. Mwaka 2008 Jeffrey Arnett alionyesha kuwa 96% ya washiriki katika majarida makuu ya Marekani walitoka nchi tajiri za Magharibi, zenye 12% ya watu wa dunia. Sayansi ya binadamu haiwezi kujiita hivyo kwa sampuli ya aina hiyo.

Nje ya maabara

Baadhi ya kazi bora za sasa zimefanyika mbali na vyuo vya Magharibi. Nchini Rwanda, ambako redio ilichochea mauaji ya 1994, mchezo wa redio Musekeweya ulianza kurushwa mwaka 2004 ukihimiza upatanisho. Elizabeth Levy Paluck aliyapanga makundi kwa kura, mengine yakisikiliza mchezo huo, mengine mchezo wa afya. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalishangaza: imani za ndani za wasikilizaji hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni picha yao ya yale ambayo jamii inayakubali, na pia utayari wa kupinga hadharani wasilokubaliana nalo.

Kenya ilijaribu sauti ya abiria. Bibb Latané na John Darley walikuwa wameonyesha mwaka 1968 kwamba mtu aliye peke yake chumbani, moshi ukianza kuingia, hutoa taarifa mara 75 katika 100. Akiwa na wawili waliotulia tuli, mara 10 tu. Kila mmoja humtazama mwenzake, na kimya cha wote huonekana kama jibu. Ndani ya matatu inayokimbizwa kiholela ni hali hiyohiyo. James Habyarimana na William Jack, wanauchumi, walibandika katika matatu zilizochaguliwa kwa kura stika zinazowahimiza abiria wamkemee dereva. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, madai ya bima katika magari hayo yalipungua kwa kati ya nusu na theluthi mbili. Mradi mkubwa zaidi, chini ya jina Zusha!, matokeo yake yalipochapishwa mwaka 2015, upungufu ulikuwa kati ya robo na theluthi.