Kutoka Gome la Mti hadi Taasisi ya Umma: Historia ya Neno la Kiingereza "Library"

Sehemu hii inachunguza historia ya neno la Kiingereza "library", ambalo kwa Kiswahili ni "maktaba". Hoja inayotetewa ni kwamba asili ya neno haitoshi kueleza maana yake. Mtafiti hana budi kufuatilia pia matumizi yake katika kila kipindi.

Mzizi wa neno hili ni nomino ya Kilatini "liber", iliyomaanisha gome la ndani la mti na, baadaye, kitabu. Nomino hiyo isichanganywe na kivumishi "līber", chenye irabu ndefu na maana ya "huru". Kwa hiyo, dai kwamba neno hili limetokana na dhana ya uhuru halina msingi wa kiisimu, hata kama linavutia.

Hata hivyo, Warumi wenyewe kwa kawaida waliita hifadhi ya vitabu "bibliotheca", neno walilolikopa kutoka Kigiriki. Kiingereza cha Kale nacho kilikuwa na "bochord", yaani hazina ya vitabu. "Library" liliingia katika Kiingereza katika karne ya 14 kupitia Kifaransa. Ushahidi wa mapema umo katika tafsiri ya Geoffrey Chaucer ya kazi ya Boethius: pale matini ya Kilatini ilipotumia "bibliotheca", Chaucer aliteua neno lililotokana na Kifaransa.

Baadaye lugha hizi mbili ziliachana. Katika karne ya 16, Michel de Montaigne bado aliita chumba chake cha vitabu "librairie". Leo neno hilo humaanisha duka la vitabu, ilhali maktaba huitwa "bibliothèque". Mfasiri anayetegemea Kifaransa cha leo pekee atamgeuza Montaigne kuwa muuza vitabu. Katika Kiingereza, kinyume chake, maana ilipanuka. Sheria ya mwaka 1850 iliziruhusu halmashauri za miji yenye wakazi zaidi ya 10,000 nchini Uingereza kuanzisha maktaba za umma, na kufikia mwaka 1951 Wilkes, Wheeler na Gill walikuwa wakilitumia neno hilo kwa mkusanyiko wa programu za kompyuta.

Ulinganisho na Kiswahili unaithibitisha hoja hii. "Maktaba" limetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuandika. Katika Kiarabu neno hilo hujumuisha hata duka la vitabu. Kiswahili kimelibana, kikabakiza mahali pa kuhifadhia na kusomea. Hivyo, mzizi huonyesha neno lilikotoka, lakini ni jamii ya watumiaji inayoamua maana yake.