Mawe ya Mikindani Yatashuhudia Nini?

Katika kitabu cha Kutoka tunawaona Waisraeli wakifyatua matofali huko Misri. Wamisri walijenga nyumba zao kwa udongo. Jiwe waliliwekea makaburi na mahekalu, wakachonga juu yake majina ya wafalme. Mawe mengi ya piramidi za Giza ni ya chokaa, na ndani yake mna magamba ya viumbe wadogo wa bahari ya kale.

Sisi wa Mtwara tukitaka kuona jiwe lililozaliwa baharini, tushuke Mikindani tushike ukuta wa gofu lolote. Wazee wa pwani walijua matumbawe ya namna mbili. Yale magumu yalichimbwa nchi kavu kwa ajili ya kuta. Yale ya baharini yalikatwa yakiwa laini, yakachongwa mapema, kisha yakakauka na kuwa magumu; hayo yalifaa kwa vibla na maandishi. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya Kikufi katika matumbawe, ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Chokaa ilipatikana kwa kupanga magogo, kuweka matumbawe juu na kuyachoma. Na nyumbani, akina mama walisagia liwa juu ya jiwe.

Lakini mawe hayo yana habari nyingine. Katika karne ya 19 Mikindani ilikuwa bandari ya pembe za ndovu na watumwa. Livingstone alipita hapo Machi 1866 akielekea Ruvuma. Soko la watumwa la Unguja likafungwa mwaka 1873. Majina ya mafarao tunayasoma hadi leo. Ya waliobeba mawe, huko na huku, ni Mungu ayajuaye.

Nasi tusijihesabie haki. Tulipojenga nyumba ya ibada ya mtaa wetu, tulinunua chokaa ya bei nafuu, wala hatukuuliza imetoka wapi. Siku ya kupaka rangi, jirani yetu, mvuvi mzee Mwislamu, alisimama mlangoni akasema, "Mchungaji, hii mliyopaka ni nyumba ya samaki." Tulinyamaza. Tumbawe kubwa la mviringo hukua takriban sentimita moja kwa mwaka. Tuta moja la kuchomea humaliza kazi ya vizazi. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilianzishwa mwaka 2000, nasi tulikuwa tunaijua.

Yoshua alisimamisha mawe 12 ya Yordani ili watoto waulize maana yake. Petro anatuita mawe yaliyo hai. Watoto wetu nao watauliza kuhusu ukuta wetu. Tumekubaliana kuwaambia kweli yote, pamoja na maneno ya yule mzee. Na tulipojenga chumba cha shule ya Jumapili, swali la kwanza kwa muuzaji halikuwa bei.