Fromaji ya Goma ni mali ya Masisi

Sokoni inaitwa fromaji ya Goma. Lakini maziwa yake yanatoka milima ya Masisi. Huko ndiko maziwa hugandishwa, hukamuliwa maji, hutiwa chumvi, kisha jibini huachwa ikomae. Goma inauza na kusafirisha hadi Kinshasa, na jina limebaki la mji.

Ufundi huo uliletwa na mapadri na wamonaki wa Ubelgiji. Mwaka 1954 Watrapisti walifungua monasteri ya Mokoto, wilayani Masisi. Mwezi Mei 1996 wakimbizi waliojihifadhi hapo walishambuliwa, wengi wakauawa, na wamonaki wakaondoka. Ufundi ulibaki mikononi mwa wafugaji.

Kaskazini-magharibi mwa Italia, katika Piemonte, jina la mazao linalindwa na sheria. Mvinyo wa Barolo ulipata kanuni zake mwaka 1966, na mwaka 1980 zikakazwa zaidi. Lazima utokane na zabibu za Nebbiolo peke yake, zilizolimwa katika tarafa 11 tu, na ukomae miezi 38 kabla ya kuuzwa. Mfanyabiashara wa mji mkubwa wa Torino anaweza kuuuza, lakini hawezi kuupa jina la mji wake.

Kanuni ya namna hiyo ingeirudishia Masisi jina lake. Hata hivyo, karatasi haikamui ng'ombe. Familia nyingi zilizojua kazi hiyo zimekimbia vita, na mifugo mingi imeporwa. Jina litakuwa na maana siku wenye malisho watakaporudi kwa amani.