Zika: Jina la Msitu wa Kwetu na Habari ya Ubongo

Wanafunzi wetu wa Kiswahili hapa Bukoto wametuuliza zaidi ya mara moja: je, ugonjwa wa Zika uliitwa hivyo kwa sababu huzika watu? Sivyo. Kitenzi chetu "zika" hakihusiki. Zika ni msitu ulio kando ya barabara iendayo Entebbe, na jina hilo la Kiganda hufasiriwa kuwa mahali palipomea pori.

Mwezi wa Aprili 1947 watafiti wa homa ya manjano kutoka Entebbe waliweka tumbili katika vizimba msituni humo. Mmoja wao, nambari 766, alishikwa na homa, na damu yake ikatoa kirusi kigeni. Januari 1948 kirusi hichohicho kilipatikana katika mbu. George Dick na wenzake walichapisha habari hizo mwaka 1952, na Dick akaeleza kwamba katika panya kirusi hushambulia ubongo. Dalili ilikuwako basi, lakini dunia haikushtuka hadi mwaka 2015, watoto wenye vichwa vidogo walipozaliwa kwa wingi nchini Brazil.

Kwa nini ubongo? Jibu mojawapo lilitoka Cambridge mwaka 2017. Ujumbe wa jeni hunakiliwa kuwa RNA, kisha husomwe na seli ili kutengeneza protini. Lakini zipo protini nyingine zinazoushika ujumbe huo na kuamua usomwe lini, kama mhariri anayeizuia makala mezani (nasi tunawajua wahariri wa namna hiyo). Mojawapo ni Musashi, ambayo huzizuia seli changa zisigeuke seli za neva kabla hazijaongezeka vya kutosha. Kirusi cha Zika nacho hubeba RNA. Musashi huishika RNA hiyo na kukisaidia kirusi kuzaana, huku kazi yake ya kawaida ikivurugika. Seli changa za ubongo zina Musashi kwa wingi. Ndipo kirusi kinapostawi.

Na jina Musashi? Hideyuki Okano na wenzake walilitoa mwaka 1994. Nzi wenye jeni hiyo iliyoharibika waliota vinyweleo viwili mahali pa kimoja, wakakumbuka Miyamoto Musashi, mpiganaji wa Kijapani aliyetumia panga mbili.

Siku hizi darasani tunaandika Zika kwa herufi kubwa, na tunaanza kwa kuonyesha msitu wenyewe kwenye ramani.