Kiwavi wa Tibet na Ini la Panya

Tarehe 8 Septemba 1993, jijini Beijing, Wang Junxia alikimbia mita 10,000 kwa dakika 29 na sekunde 31.78. Rekodi ya Ingrid Kristiansen wa Norwei, iliyodumu tangu 1986, alikuwa ameipiku kwa zaidi ya sekunde 40. Wapenzi wa riadha walitaka kuijua siri, na kocha Ma Junren akawapa: mazoezi mazito, damu ya kasa, na kuvu inayoota ndani ya kiwavi.

Miaka saba baadaye wakimbiaji sita wa Ma waliachwa nje ya timu ya Olimpiki ya Sydney, vipimo vya damu vilipotia shaka. Lakini sifa ya kuvu ilikwishaenea.

Watibeti huiita yartsa gunbu. Huota kwenye malisho ya Himalaya na uwanda wa juu wa Tibet, mita 3,000 hadi 5,000 juu ya usawa wa bahari. Humwingia kiwavi wa nondo aishiye ardhini, ikamla ndani kwa ndani hadi akabaki ngozi iliyojaa nyuzi za kuvu. Mwezi Mei na Juni, theluji inapoyeyuka, kijiti cha rangi ya kahawia humtoka kichwani na kuchungulia juu ya udongo. Wachumaji hutambaa kwa magoti wakikisaka katikati ya nyasi. Wakikiona hukichimbua pamoja na bonge la udongo, kisha humsafisha kiwavi kwa mswaki taratibu, maana akikatika bei huporomoka. Watoto wana macho makali, hivyo katika maeneo kama Dolpa, Nepal, msimu huo madarasa hubaki matupu.

Tabibu wa Kitibeti Zurkhar Nyamnyi Dorje aliisifu katika karne ya 15 kama dawa ya nguvu za kiume. Vitabu vya tiba vya Kichina viliipokea mwishoni mwa karne ya 17. Padri Mfaransa Dominique Parrenin, aliyeishi Beijing, alipeleka vipande vyake Paris katika miaka ya 1720, akaeleza jinsi Wachina walivyoipika: inajazwa tumboni mwa bata, bata anaokwa kwa moto mdogo, mgonjwa anakula nyama yake kwa siku kadhaa.

Je, kweli inaongeza nguvu? Mwaka 1996 mtafiti Manabe na wenzake nchini Japani walichapisha jibu la sehemu. Kwa wiki tatu waliwanywesha panya dondoo la kuvu hiyo kila siku, wakapima maini yao kwa mashine ya sumaku inayoonyesha fosfati bila kumpasua mnyama. ATP, molekuli inayobeba nishati ndani ya seli, iliongezeka ikilinganishwa na fosfati huru. Maana yake, ini lilikuwa na akiba kubwa zaidi ya nishati.

Kipimo hicho ni cha kweli na kinastahili heshima. Ila dondoo lilitokana na nyuzi zilizooteshwa maabara, si kiwavi wa mlimani auzwaye kwa bei ya kuruka, na aliyepimwa ni panya, si binadamu mwenye ini bovu. Hata Cs-4, aina inayozalishwa viwandani China tangu miaka ya 1980, ni kuvu nyingine kabisa, Paecilomyces hepiali. Waendesha baiskeli 22 waliofanyiwa jaribio lililochapishwa 2004 Marekani walitumia Cs-4 au kidonge bandia kwa wiki tano. Uwezo wa miili yao kutumia oksijeni haukuongezeka.

Mwaka 2016 serikali ya China ilionya kwamba kuvu ya porini ina arseniki miligramu 4.4 hadi 9.9 kwa kilo, ilhali kiwango kinachoruhusiwa kwa vyakula vya afya ni 1.0. Mwaka 2020 kuvu yenyewe iliingizwa kwenye orodha ya viumbe vilivyo hatarini ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, kwa sababu ya kuchumwa kupita kiasi.

Vidonge vinavyouzwa kwa jina la kuvu hiyo vimefika hata Nairobi na Dar es Salaam, mara nyingi kupitia wauzaji wa mkono kwa mkono. Mwenye homa ya ini anayeshawishiwa kuvinunua aende kwanza hospitali akapimwe, na kama ameandikiwa dawa, asiiache kwa ajili ya matokeo ya ini la panya.