Wavu wa Kutegea Upepo

Kompyuta haikokotoi upepo wote kwa mkupuo mmoja. Nafasi inayozunguka bawa la ndege au paa la nyumba hugawanywa kwanza katika matundu mengi, mfano wa wavu wa mvuvi, ndipo kasi na mgandamizo wa hewa vitafutwe tundu kwa tundu. Ufumaji wa wavu huo ulianza kabla kompyuta hazijakuwepo.

Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Mwingereza Lewis Fry Richardson alikuwa akihudumia majeruhi nchini Ufaransa katika kikosi cha magari ya wagonjwa. Huko, kwa mkono, alikokotoa hali ya hewa ya tarehe 20 Mei 1910. Aliigawa ramani ya Ulaya kama ubao wa drafti, kila mraba ukiwa na upana wa kilomita 200 hivi, na hewa ya juu yake akaipanga katika matabaka 5. Miraba ya rangi moja ilibeba mgandamizo, ya rangi ya pili ikabeba mwendo wa hewa. Kazi ilimla karibu wiki 6. Jibu likawa kwamba mgandamizo ungepanda milibari 145 ndani ya saa 6, jambo lisilowezekana. Kosa lilitoka hasa kwenye vipimo vya upepo alivyoanzia. Ubao wenyewe ulikuwa mzuri. Mwaka 1965 Francis Harlow na John Welch wa Los Alamos, Marekani, nao waliweka mgandamizo sehemu moja ya tundu, na kasi sehemu nyingine, ndani ya wavu wao, na mpango huo unatumika hadi leo.

Mwaka 1928 wanahisabati Courant, Friedrichs na Lewy walionyesha gharama ya wavu mwembamba: matundu yakipungua ukubwa, hatua za muda nazo sharti zifupishwe, la sivyo hesabu huvurugika. Mjapani Mitutosi Kawaguti aliuonja uzito wa hesabu za namna hii. Katika makala yake ya 1953 alieleza mkondo mmoja tu unaoipita silinda, alioupata kwa mashine ya mezani, saa 20 kwa wiki, kwa mwaka mmoja na nusu.

Kompyuta ziliondoa uchovu huo, lakini umbo likabaki tatizo. Miraba ikikutana na bawa lililopinda huacha ngazi pembeni, na hewa ya kwenye hesabu hujikwaa pale ambapo hewa halisi huteleza. Mwaka 1974 Thompson, Thames na Mastin wa Mississippi walichapisha njia ya kuupinda wavu wenyewe ufuate umbo. Kwa bawa peke yake ilifaa sana. Kwa ndege nzima, yenye injini na mkia, wavu mmoja ulikuwa mgumu kupinda. Pembetatu ndizo zilizoleta nafuu. Kanuni ya Mrusi Boris Delaunay ya 1934 inataka duara lipitalo kwenye pembe 3 za kila pembetatu lisifunike nukta nyingine yoyote, na mwaka 1981 Bowyer na Watson, kila mmoja kivyake, walitoa njia ya kuitekeleza kwa kompyuta. Kwa wavu wa namna hiyo, mwaka 1986 Jameson, Baker na Weatherill walionyesha hesabu ya hewa inayoizunguka Boeing 747 nzima.

Kazi ngumu zaidi iko ukutani, pale hewa inapogusa umbo. Tangu Ludwig Prandtl alipoueleza mwaka 1904, utando wa hewa unaogusa ngozi ya ndege unajulikana kuwa ndiko msuguano unakozaliwa. Tundu la kwanza hapo huweza kuwa jembamba kuliko unywele, na yanayofuata hunenepa kidogo kidogo kuelekea nje. Kabla wavu haujafumwa, mchoro wa kiwandani husafishwa: skrubu ndogo hufutwa, nyufa kati ya mabati huzibwa, kwa kuwa upenyo mmoja uliosahaulika hupitisha wavu hadi ndani ya umbo.

Ripoti iliyoandaliwa kwa ajili ya NASA mwaka 2014 bado ilitaja utengenezaji wa wavu miongoni mwa vikwazo vikubwa vya kazi hii.